Tokyo, Kyoto na Osaka na Watoto Watatu: Tulivyoipanga Safari

Kifungua mimba wetu alikuwa anamaliza Gredi ya 9, na Januari angeingia shule ya bweni huko bara. Tulijua kuwa baada ya hapo itakuwa shida kuwapata watoto wote watatu kwa pamoja, na akiba ya miaka minne ilikuwa imefikia kiasi cha kuamuliwa. Watoto walitaka Japani. Nyanya yao, ambaye neno lake halipitwi hivi hivi katika nyumba yetu, aliuliza swali moja tu: "Umra mmeshawapeleka, hata mkaikumbuka Japani?"

Jibu hatukuwa nalo. Tulikaa na swali lile wiki mbili nzima, na haya tusingeyasema hapa kama hatungejua kwamba nyumba nyingi hukutana nalo. Mwishowe fedha ziligawanywa. Sehemu ilibaki kuwa hesabu ya Umra, ikawekwa chini ya mkono wa nyanya mwenyewe, na safari ya Japani ikapunguzwa kutoka siku ishirini hadi usiku kumi na mbili. Kila tulichopanga baadaye kilitokana na upungufu huo, nasi leo tunaona ulitufaa.

La kwanza lilikuwa wakati. Likizo ya Agosti tuliikataa mapema, kwani joto la Tokyo mwezi huo ni la jasho hata kwa watu wa Pwani, na ni majira ya tufani. Aprili ina maua ya mcheri, lakini mwisho wa mwezi huanza mfululizo wa sikukuu zao, na wenyeji wote huwa safarini. Tulichagua mwanzo wa Desemba: baridi ya kuvumilika kwa makoti, anga safi, na umati uliofuata majani mekundu ya Kyoto mwezi wa Novemba umeshapungua. Muhimu ni kuondoka kabla ya tarehe 28 au hapo karibu, kwa sababu makumbusho mengi hufungwa kwa ajili ya mwaka mpya na treni hujaa.

Paspoti ya Kenya huhitaji viza, na ubalozi ulioko Nairobi hutaka, pamoja na taarifa za benki, ratiba ya kila siku ya safari. Takwa hilo lilituudhi mwanzoni, kisha likatulazimisha kufikiri. Tulipoiandika siku kwa siku tuliona kwamba hatuhitaji kurudi Tokyo kupanda ndege. Tulinunua tiketi ya kuingilia Tokyo na kutokea Osaka, kwa ndege inayopitia Ghuba, tukaokoa nauli ya treni ya kurudi kwa watu watano.

Kwa treni hizo, tahadharini na ushauri wa zamani. Wengi bado watawaambia mnunue ile pasi ya reli ya wageni. Tangu Oktoba 2023, pasi ya siku saba ilipandishwa kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, ilhali tiketi ya kawaida ya shinkansen, ile treni ya mwendo kasi, kutoka Tokyo hadi Kyoto ni kama yeni 14,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, na aliyetimiza 12 huhesabiwa mkubwa. Kwa safari ya kwenda tu, pasi ni hasara. Mkiketi, chagueni upande wa kulia: kama dakika arobaini na tano baada ya kuondoka Tokyo, mlima Fuji hutokea dirishani, na siku yetu ulitokea mweupe hadi mabegani.

Katika kufunga mizigo, nyanya alikuwa ameandaa sambusa za nyama na maembe. Ilitubidi tumwambie kwa adabu kwamba Japani haikubali nyama yoyote kutoka nje, hata iliyopikwa au kukaushwa, na matunda mabichi mengi pia yamezuiwa. Tende kavu tulichukua. Dawa nazo zina sheria: baadhi ya dawa za mafua tunazozinunua hapa bila kufikiri, hususan zenye pseudoephedrine nyingi, haziruhusiwi kule.

Tunafika kwenye chakula, ambapo tulijifunza kwa kukosea. Tulijua kujihadhari na nguruwe. Ambalo hatukulitilia maanani vya kutosha ni pombe ya kupikia. Mirin, mvinyo mtamu wa wali, huingia katika mchuzi wa samaki, katika mayai, hata katika wali uliofinyangwa unaouzwa kila duka la mtaani. Siku ya pili binti yetu wa kati alikuwa ameshakula nusu ya tonge la wali na samaki ndipo kaka yake alipoelekeza kamera ya simu kwenye karatasi na tafsiri ikaonyesha mirin. Alilia, si kwa ukali wetu, bali kwa hofu. Tulimkalisha kwenye benchi la kituo tukamweleza kwamba asiyejua hana hatia, na sasa tumejua. Jioni hiyo wote watatu waliandika katika madaftari yao alama mbili, 豚 ya nguruwe na 酒 ya pombe, pamoja na みりん, ambayo ndiyo mirin, na toka hapo wao ndio waliokuwa wakaguzi wetu. Fanyeni somo hilo nyumbani, kabla ya kuondoka, msingoje benchi la kituo.

Chakula halali kipo kwa anayekitafuta. Mtaa wa Asakusa una migahawa ya tambi za mchuzi iliyo halali, na Shin-Okubo kuna maduka ya Waislamu yenye nyama, viungo na mchele wa biriani. Kwa hiyo tulipanga vyumba vyenye jiko dogo badala ya hoteli ya kawaida. Hoteli nyingi zina vyumba vya watu wawili tu, vyembamba kama kabati, na familia ya watano hulipia viwili. Kyoto tulilala kwenye magodoro yaliyotandikwa juu ya mikeka, na mdogo wetu akasema ni kama kwa nyanya.

Swala iliratibu siku zetu kuliko ratiba ya ubalozi. Watoto wa Mombasa wamezoea kuelekea kaskazini, kwani Makka iko karibu sawasawa kaskazini yetu. Tokyo kibla ni magharibi kwa kuelemea kaskazini. Desemba adhuhuri huingia kabla ya saa sita, alasiri kabla ya saa nane na nusu, na magharibi saa kumi na nusu! Ukitoka nyumbani saa tano, mchana umekwisha. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, hukatikiwa na ruhusa ya kufupisha. Tokyo tulinuia siku tano kamili, basi tuliswali kamili, kila swala kwa wakati wake. Kyoto na Osaka tulikusanya na kufupisha. Zungumzeni na sheikh wenu mkiwa na ratiba mkononi. Viwanja vikubwa vya ndege vina vyumba vya swala, na kituo cha Tokyo pia. Vyoo, alhamdulillah, vina maji karibu kila mahali.

Ijumaa tuliswali Tokyo Camii, msikiti wa mtindo wa Kituruki uliofunguliwa mwaka 2000 mahali pa ule uliojengwa 1938. Wanawake wana nafasi yao juu. Kwa akina mama, jueni pia kwamba treni nyingi za mjini zina behewa la wanawake asubuhi za siku za kazi, na watoto wadogo wa kiume huruhusiwa. Mabafu ya chemchemi za moto tuliyaacha, kwa kuwa watu huoga humo bila nguo. Wenye hamu waulize bafu la kukodi kwa familia.

Kwa matembezi, tulijifunza kuweka jambo moja kubwa kwa siku. Makumbusho ya sayansi ya Ueno yalimaliza siku nzima. Nara, paa huja kuinamisha vichwa wakiomba biskuti, na mmoja alikula ramani yetu. Palepale lipo hekalu la sanamu kubwa ya Buddha, na sisi wazazi hatukuwa na kauli moja. Mmoja alitaka waone jengo lile la mbao, mwingine aliona si lazima. Tulibaki nje na paa, na hatudai kwamba kila familia ifanye vivyo.

Osaka, katika jumba la samaki la Kaiyukan, mdogo wetu alisimama mbele ya kioo akapiga kelele, "Papa shilingi!" Samaki yuleyule anayepita bahari yetu, na ilibidi avuke nusu ya dunia ndipo amwone.

Siku ya mwisho tulipanda treni hadi Kobe, kama nusu saa, kuuona msikiti wa 1935, wa kwanza katika nchi hiyo, uliosalimika katika mabomu ya vita na katika tetemeko la 1995. Tulimpigia picha nyanya. Alikuwa ametusimulia kwamba kanga zake za ujana zilipigwa chapa Japani na kuletwa kwa meli, na doti moja angali anayo sandukuni.

Tuliporudi aliitoa, akaiweka kando ya picha, akauliza nani aliujenga msikiti ule. Tukamwambia ni wafanyabiashara wa Kiislamu waliohamia huko, Wahindi na Watatari miongoni mwao. Alitikisa kichwa, akaikunja kanga yake polepole, kisha akafungua daftari la hesabu ya Umra ili atuonyeshe tumebakisha shilingi ngapi.