Majivu ya Makaa Yanaadimika, Zege Litachanganywa na Nini?

Ng'ambo ya Mto Minnesota, mkabala na mji wa Bloomington, kituo cha umeme cha Black Dog kilichoma makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka 60 hadi kilipoyaacha mwaka 2015. Sherco, kituo kikubwa zaidi cha makaa katika jimbo la Minnesota, Marekani, kilizima mtambo mmoja mwishoni mwa 2023, na kampuni ya Xcel Energy imepanga kuzima wa mwisho mwaka 2030. Kwa mapafu ya watu hiyo ni neema. Kwa wauza zege ni pengo, kwani majivu laini yanayonaswa kwenye moshi wa vituo vya namna hii huchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Biashara iliyozoea kupata malighafi kwa sababu mwingine anataka kuitupa haina budi sasa kuitafuta na kuilipia kama bidhaa nyingine yoyote, na ni heri ianze mapema.

Kinachopotea si kidogo. Uzalishaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ukaa ya dunia, na nyingi hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa, si kwenye fueli ya tanuri. Tena saruji ikikutana na maji huacha chokaa isiyobeba mzigo. Silika iliyomo kwenye majivu huungana nayo ikawa gundi, matundu yakazibika, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ikapata shida kupenya hadi kwenye nondo. Mfano upo Minneapolis: daraja la I-35W lilianguka Agosti 1, 2007 na kuua watu 13. Lililojengwa badala yake lilifunguliwa Septemba 2008, na katika nguzo zake saruji ya kawaida ilikuwa takriban asilimia 15 tu ya unga wa kushikiza; uliobaki ulikuwa slagi ya matanuri ya chuma na majivu.

Wapo wanaosema zege hili hukomaa polepole, na baridi ya Minnesota huzidi kulichelewesha. Ni kweli, lakini kwa nguzo nene upole huo ni faida: joto la ndani hupungua na nyufa pia. Njia nyembamba ya waenda kwa miguu inayomwagwa Novemba ni kazi nyingine, na mchanganyiko wake uwe mwingine. Hofu ya sumu nayo ina msingi, maana majivu hubeba aseniki na zebaki. Hata hivyo yakishafungwa ndani ya zege hatari hupungua sana, na mwaka 2014 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliafiki matumizi hayo.

Kutafuta mbadala wa majivu, wengi sasa wanatazama kaskazini, kwenye milima ya mabaki ya migodi ya chuma ya Mesabi. Hapo tahadhari inahitajika. Mabaki hayo kwa sehemu kubwa ni kwazi, ambayo haiungani na chokaa kwa urahisi. Yanafaa kuwa mchanga na kokoto, hivyo hayapunguzi saruji. Isitoshe, kampuni ya Reserve Mining ilimwaga mabaki ya mashariki mwa Mesabi katika Ziwa Superior tangu 1955 hadi 1980, na nyuzi zinazofanana na asbesto zikazua kesi kubwa. Mabaki ya upande huo yapimwe kabla ya kusagwa. Tumaini kubwa zaidi liko kwenye majivu ya zamani yaliyofukiwa: yakichimbuliwa, yakakaushwa na kuchujwa, yatagharimu zaidi, lakini sheria ya Minnesota ya 2023 inayoweka ukomo wa kaboni katika zege la miradi ya serikali imempa mnunuzi sababu ya kulipa gharama hiyo.