Tetekuwanga Si Mzaha

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwaka jana ndugu yangu mdogo, wa miaka sita, alikuwa akitibiwa saratani ya damu. Jumapili moja rafiki yangu alikuja kwetu akacheza naye, akambeba mgongoni. Kesho yake jioni rafiki huyo akapiga simu: ametokwa na vipele vya tetekuwanga. Mimi nikacheka. "Tetekuwanga tu! Si sote tuliugua?" Mama hakucheka. Alimkimbiza mtoto hospitalini usiku huo huo.

Huko daktari alitueleza. Dawa za saratani huua chembe zinazozaana haraka. Chembe za saratani huzaana hivyo, lakini hata zile za uboho wa mifupa, zinazotengeneza chembe nyeupe za damu, huzaana haraka. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Askari wakipungua, virusi huingia kama mwizi katika boma lisilo na mlango. Mimi tetekuwanga ilinisumbua wiki moja ikaisha. Kwa mtoto kama yule, yaweza kushambulia mapafu, ini, hata ubongo, ikamwua. Surua nayo ni hatari vilevile, na virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani.

Je, kwa nini asichanjwe tu? Chanjo ya surua na ya tetekuwanga hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hivyo kwa kawaida mtoto aliye katika matibabu hayo hapewi. Ngao yake ni sisi tunaomzunguka. Nasi wa shule ya kutwa tunarudi nyumbani kila jioni na kila tulichookota darasani.

Basi tunawe mikono kwa sabuni. Ukiwa na homa, mafua au vipele, usimkaribie. Lakini mwenye tetekuwanga huanza kuambukiza siku 1 au 2 kabla ya vipele kutoka, kwa hivyo unaweza kukosea bila kujua. Ukigundua, waambie wazazi wake mara moja.

Ndugu yangu alipewa mapema dawa ya kuzuia virusi, nasi tukahesabu siku 21 roho mkononi. Hakutokwa na kipele hata kimoja. Laiti rafiki yangu angeona haya akanyamaza, sijui leo ningekuwa naandika nini.