Panya, sumaku na degedege la watoto wetu

Ndugu msomaji, kwa wazazi wengi wa Isaka na vijiji vyake, na hata kule kwenye machimbo ya Geita, ni maneno machache yanayotisha kama neno degedege. Mtoto aliyeshinda akicheza huamka usiku mwili ukiwaka moto, macho yakapinduka, viungo vikakakamaa na kutikisika, kisha akazama katika usingizi asioamshika. Wahenga walimsingizia ndege apitaye juu ya nyumba. Wengine walisema ni jini, au jicho la hasidi. Na kwa kuwa watoto kadhaa waliodungwa sindano walifariki muda mfupi baadaye, ilienea imani kwamba sindano ndiyo imuuayo mwenye degedege, hivyo aanze kwanza kwa mganga.

Makala ya leo inahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali sana na kitanda cha mtoto huyo. Linahusu panya wadogo wanaolazwa ndani ya sumaku kubwa huko Ulaya ili ubongo wao upigwe picha. Lakini tukilifuatilia tutaona kwamba njia yake ilianzia jirani zetu Kongo, ikapita Kilifi, Kampala na Blantyre.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Si kila degedege ni malaria. Homa yoyote kali huweza kumtikisa mtoto mdogo, na homa ya uti wa mgongo nayo huleta dalili zinazofanana. Hata hivyo katika ukanda wetu malaria ndiyo inayotangulia kushukiwa, na ina sababu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria katika asilimia 8 ya watoto wa umri wa chini ya miaka mitano waliopimwa nchini kote. Kwa jirani zetu wa Tabora kiwango kilifika asilimia 23, na Shinyanga na Geita zote zilikuwa juu ya wastani wa taifa. Majaruba ya mpunga na mashimo ya wachimbaji yanayojaa maji ya mvua ni malezi mazuri kwa mbu.

Malaria inapompata mtu, vimelea huingia katika chembe nyekundu za damu. Kimelea kile kikali, falsiparumu, huzifanya chembe hizo zinate katika kuta za mishipa midogo. Zikinata katika mishipa ya ubongo, mgonjwa hupoteza fahamu, na hiyo ndiyo malaria ya ubongo. Hadi hapo madaktari walikubaliana. Walichobishana kwa miaka mingi ni hiki: mtoto anakufa kwa nini hasa? Ni damu kuziba? Ni sukari kupungua? Au ni ubongo kuvimba hadi ukakosa nafasi ndani ya fuvu? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watabibu waliokuwa wakifanya kazi Kilifi, katika pwani ya Kenya, walionyesha kwamba shinikizo ndani ya fuvu la watoto hao huwa juu. Lakini hakuna aliyeweza kuuona ubongo wa mtoto aliye hai na kuufuatilia saa baada ya saa.

Hapo ndipo anapoingia panya. Mwaka 1948, Ignace Vincke na Marcel Lips, wakifanya kazi Katanga, walimkuta panya wa vichakani akiwa na kimelea cha malaria kisichompata binadamu. Kimelea hicho kikapewa jina la Plasmodium berghei, na toka siku hiyo maabara za dunia hukitumia. Baadaye ilibainika kwamba aina yake moja, iitwayo ANKA, nayo iliyotoka Katanga, ikiingizwa kwa panya weusi wa maabara huwaletea kitu kinachofanana mno na degedege: kati ya siku ya sita na ya kumi hivi panya hupooza, hutikisika, huzimia, kisha hufa. Wanasayansi wakawa wamepata mfano wa maradhi ya mtoto katika mwili wa mnyama.

Kwa muda mrefu njia ya kuuona ubongo wa panya huyo ilikuwa moja tu, nayo ni kumuua na kumpasua. Kila hatua ya ugonjwa ilidai kundi jipya la panya. Mashine ya MRI ikabadili hali hiyo.

Mashine hii haitumii mionzi ya eksirei. Mwili kwa sehemu kubwa ni maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Kiini cha haidrojeni kina tabia ya kisumaku kidogo. Mwili ukiwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu, viini hivyo hujipanga. Kisha mashine hurusha mawimbi ya redio yanayovisukuma kidogo, na vinaporudi mahali pake hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Paul Lauterbur wa Marekani alitangaza picha ya kwanza ya namna hii mwaka 1973, na mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield wa Uingereza wakapewa Tuzo ya Nobel. Sumaku ya hospitali ya kawaida huwa na nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni kama mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya ardhi inayoigeuza dira. Ubongo wa panya hauzidi nusu gramu, wakati wa mtu mzima hukaribia gramu 1,400, kwa hiyo kwake hutumika sumaku yenye nguvu zaidi, tesla 7, 9.4 au hata zaidi. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, hupigwa picha, huamka, na kesho yake hurudishwa tena.

Uvimbe wa ubongo ni maji yaliyokwenda mahali pasipostahili, na MRI ni chombo kinachosoma maji. Ndiyo maana kiliufaa ugonjwa huu kuliko vingine vyote. Mwaka 2005 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walichapisha picha za panya wenye malaria ya ubongo zikionyesha ubongo umevimba, mishipa imebanwa na damu haipiti sawasawa. Mwaka 2016 wenzao wa Heidelberg, Ujerumani, kwa sumaku ya tesla 9.4, wakaona kwamba katika panya madhara huanzia sehemu ya mbele inayohusika na harufu, kisha husambaa kuelekea katikati ya ubongo.

Je, mtoto ni panya? La hasha, na wanasayansi wenyewe wamebishana sana juu ya hili. Katika panya, chembe nyeupe za kinga ndizo zinazoonekana kuivamia mishipa ya ubongo. Katika watoto ni chembe nyekundu zenye vimelea. Wako waliosema mfano wa panya utupwe. Ilipofika 2020, uchunguzi wa ubongo wa watoto waliofariki Malawi ulikuta nao wana chembe za kinga za aina hiyo zilizojikusanya katika mishipa, na mabishano yakapungua makali. Hata hivyo tahadhari inabaki. Mwaka 1982 dawa ya deksamethasoni, iliyotarajiwa kupunguza uvimbe, ilijaribiwa Thailand: haikuokoa maisha, na wagonjwa walichelewa kuzinduka. Mwaka 2007, katika hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 156 walishiriki jaribio la manitoli, dawa nyingine ya uvimbe, nayo haikuonyesha faida.

Jibu kubwa lilitoka Blantyre. Hospitali ya Queen Elizabeth ya mji huo ilipata MRI mwaka 2008, ya sumaku ndogo tu ya tesla 0.35, na watoto wenye malaria ya ubongo wakaanza kupigwa picha. Matokeo yalitoka Machi 2015. Kati ya watoto 168, walifariki 25. Katika hao 25, watoto 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo walipopokelewa. Kwa walionusurika, 143, waliokuwa na uvimbe huo ni 39. Ubongo uliovimba hukandamiza shina lake la chini linaloamrisha pumzi, na pumzi hukatika. Ila iangalie ile hesabu ya pili, ndugu msomaji, kwa maana mimi naiona ndiyo yenye uzito kwa mzazi: wale 39 walikuwa na uvimbe na wakaishi, na picha zilizorudiwa zilionyesha ubongo wao ukipungua. Uvimbe unarudi nyuma. Mwaka huohuo wa 2015 watafiti wa Marekani walieleza kwamba panya waliokwisha fika hatua ya mwisho waliokolewa kwa dawa inayozuia matumizi ya glutamini mwilini, na uvimbe wao ukapungua. Kwa panya ni hivyo. Kwa watoto wetu dawa hiyo bado si tiba ya kumwandikia mgonjwa.

Huenda msomaji akauliza kama ni halali kumtia mnyama ugonjwa kwa makusudi. Swali ni la haki. Mtume (S.A.W.) alieleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Alihimiza ihsani hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apunguziwe tabu. Alikataza pia kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Kwa upande mwingine alitufundisha kutafuta tiba, kwa kuwa hapana maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake. Wanazuoni wa zama hizi walioruhusu utafiti kwa wanyama wameufunga kwa masharti: kuwe na haja ya kweli, na maumivu yapunguzwe kwa kadiri inavyowezekana. Kwa kipimo hicho MRI ni nafuu, maana panya mmoja aliyelazwa usingizi hutoa habari ambazo zamani zilihitaji kuuawa wengi. Si kwamba panya huyo anaponea. Wengi wao hufa mwishoni.

Turudi Isaka. Mtoto mwenye degedege hahitaji MRI ili aokolewe. Anahitaji tone la damu katika kipimo cha haraka na sindano ya atesuneti mapema. Utafiti wa mwaka 2010 kwa watoto 5,425 wa Afrika, wa kwetu wakiwemo, ulionyesha vifo asilimia 8.5 kwa waliopewa atesuneti, na 10.9 kwa waliopewa kwinini. Kwa hiyo wale waliofia sindanoni zamani waliuawa na ubongo uliokwisha vimba, kwa kuwa walifikishwa wamechelewa. Akiwa bado nyumbani alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala mafuta ya taa mdomoni. Kama zahanati iko mbali na hospitali, aliye chini ya miaka sita hupewa atesuneti ya kupachika njia ya haja kubwa, kisha safari ya Kahama iendelee bila kusubiri, maana dawa hiyo ni ya njiani tu. Dua na kisomo havizuiliwi, na husomeka vizuri tu ndani ya gari.

Na akipona, kazi haijaisha. Mwaka 2008 watafiti wa Kampala walitangaza kwamba miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, mtoto mmoja kati ya wanne hivi alikuwa na upungufu katika kuelewa, kukumbuka au kuwa makini, wakati kwa watoto wa mitaa ileile wasiougua ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Mwalimu wa madrasa na wa shule waambiwe kwamba mtoto huyu aliwahi kulala siku mbili bila fahamu, kabla hawajamwita mvivu na kumchapa kwa kusahau sura aliyoihifadhi jana.