Harufu ya mvua ya kwanza Mwankoko

Mvua ya kwanza inapogusa mashamba ya Mwankoko, katika Manispaa ya Singida, udongo hutoa harufu ambayo kila mkulima anaijua. Tunaiita harufu ya mvua, lakini mwenyewe ni udongo: ni kemikali iitwayo jeosmini, na watengenezaji wake wakubwa ni bakteria wa jamii ya Streptomyces. Jamii hiyohiyo ilitupa streptomaisini mwaka 1943, dawa iliyofungua njia ya kutibu kifua kikuu.

Mwankoko inajulikana kwa visima vinavyonywesha mji. Natamani ijulikane pia kwa udongo ulio juu ya maji hayo, maana usugu wa dawa unatubana na dawa mpya zinahitajika.

Kazi ya kuzitafuta udongoni huanza kwa vitu vya kawaida. Udongo kidogo hukorogwa kwenye maji safi, huzimuliwa mara kadhaa, kisha tone hupakwa kwenye sahani ya agari. Baada ya siku kadhaa Streptomyces huota katika vikundi vikavu vya ungaunga. Kando yake hupandwa bakteria wa ugonjwa; wakishindwa kuota, pale hubaki duara tupu. Duara hilo hufurahisha, ila hata sumu ya kumuua mgonjwa huliacha.

Ndiyo maana watafiti hulenga ukuta. Ukuta wa peptidoglikani humshikilia bakteria asipasuke kwa maji yanayomjaa, nazo seli zetu hazina ukuta huo.

Njia ninayoipenda kuliko zote ndiyo iliyoleta fosfomaisini, dawa iliyotangazwa mwaka 1969 kutokana na udongo wa Hispania. Kwa kawaida bakteria akipoteza ukuta hupasuka, asiache ushahidi. Watafiti wakamkuza kwenye mchuzi uliokolezwa sukari ya kutosha, maji yasimwingie kwa kasi. Akabaki mzima, ila umbo limemtoka: chini ya hadubini, vijiti vilikuwa vimegeuka mipira. Aliyeiona mipira hiyo alijua ukuta umeguswa, kabla hata ya kuijua dawa yenyewe.

Siku hizi bakteria Bacillus subtilis hubadilishwa vinasaba ili ageuke buluu ukuta wake unaposhambuliwa. Na kwa kuwa bakteria wengi wa udongoni hugoma kuota kwenye sahani, wapo waliowakuza humohumo udongoni, ndani ya vijitundu vilivyofunikwa utando. Hivyo ndivyo ilivyopatikana teiksobaktini, iliyotangazwa Marekani mwaka 2015. Penisilini humfunga mikono fundi anayejenga ukuta, na bakteria hujifunza kumbadilisha fundi. Teiksobaktini hulikamata tofali lenyewe, ambalo ni gumu zaidi kubadilishwa.

Kabla ya kuukoroga udongo, wanaotafuta Streptomyces huuanika siku kadhaa, bakteria dhaifu wafe na mbegu ngumu za Streptomyces zibaki. Mwankoko, jua hulifanya hilo kuanzia Mei hadi Novemba, kila mwaka.