Mitumbwi ya Geita: Mbao, faiba au plastiki chakavu?

Na Mwandishi Wetu, Geita

MKOA wa Geita unafahamika zaidi kwa dhahabu, lakini wakazi wake wengi hupata riziki kutoka Ziwa Victoria kwa kutumia mitumbwi ya mbao. Mbao hizo sasa zinagombewa, na swali la malighafi ipi itumike kuunda vyombo vya uvuvi bila kuharibu mazingira limekuwa zito.

Kwa miaka mingi mafundi wamependelea miti migumu kama mvule. Mbao hupigiliwa misumari na nyufa huzibwa kwa pamba ili maji yasipenye. Mtumbwi ukichakaa, mbao zake huwa kuni au huoza na kurudi ardhini bila kuacha sumu.

Tatizo liko msituni. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huhitaji magogo, maarufu kama matimba, ya kuzuia kuta za mashimo zisiporomoke. Wachoma mkaa nao hukata miti hiyo hiyo, wakati mti mgumu huchukua miongo kadhaa hadi kufaa kupasuliwa mbao.

Mbadala wa kwanza ni faiba, na boti za aina hiyo ni miongoni mwa vyombo ambavyo Serikali imekuwa ikiwakopesha wavuvi. Boti ya faiba haiozi na hudumu miaka mingi. Hata hivyo, gundi inayotumika kuiunda hutokana na mafuta ya petroli na hutoa mvuke wenye madhara kwa fundi, na vumbi lake huathiri mapafu. Aidha, gundi hiyo ikishakauka haiyeyushwi tena, hivyo boti chakavu hubaki kuwa taka.

Tatizo hilo linawakabili pia watengenezaji wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi ya bahari huko Marekani na Ulaya, ambao hutumia faiba na povu la plastiki. Baadhi yao wamerejea kwenye miti myepesi inayokua haraka na gundi zenye asili ya mimea.

Mbadala wa pili ulibuniwa nchini Kenya. Mwaka 2018, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walizindua Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki na kupambwa kwa kandambili chakavu. Plastiki iliyeyushwa, ikamiminwa katika kalibu na kuwa mkuku, mataruma na mbao, kisha ikachongwa kwa ufundi wa asili. Mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri hadi Zanzibar, na mwaka 2021 likazunguka Ziwa Victoria katika nchi za Kenya, Uganda na Tanzania.

Jahazi hilo lilithibitisha kuwa taka zinaweza kuelea na kubeba watu. Lakini kuyeyusha plastiki kunahitaji mitambo na nishati ambayo fundi wa mwaloni hana, na plastiki inayopigwa jua humeguka kuwa chembe ndogo zinazoweza kuingia majini na kuliwa na samaki.

Kwa Geita, funzo la karibu zaidi liko Shinyanga. Mkoa huo ulipoteza miti yake kwa ufyekaji uliolenga kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba, hasa ya pamba. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliofufua ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa msimu ili uoto urejee. Kutoka hekta zipatazo 600 wakati huo, ngitili zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bukombe, ambayo sasa ni wilaya ya Geita, ilikuwa sehemu ya Shinyanga wakati huo.

Ngitili haitoi mbao za mtumbwi kwa haraka, lakini hutoa kuni na fito, hivyo kuipunguzia misitu mzigo. Ikiwa matimba ya migodini nayo yatatoka katika mashamba ya miti ya kupandwa, miti migumu itapata muda wa kukomaa, na mtumbwi wa mbao utaendelea kuwa chombo rafiki kwa ziwa na kwa msitu.