Vigae vya Shanga

Haya wajukuu, sogeeni. Leo nawapa habari za chungu kilichovunjika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Kisiwani Pate, karibu na Lamu, yako magofu ya mji wa Shanga. Kabla ya nyumba za mawe, watu wa huko waliishi katika nyumba za miti na udongo. Vyungu vyao viliumbwa kwa mikono, bila gurudumu. Udongo ungali mbichi, mfinyanzi alishika kijiti chenye ncha akachora pembetatu shingoni mwa chungu, akazijaza mistari, kisha akakichoma. Kikipasuka, vigae vilitupwa jaani.

Miti ikaoza, kuta zikamomonyoka. Vigae havikuoza, maana udongo uliopikwa motoni haurudi tena kuwa tope. Taka zikarundikana, tabaka juu ya tabaka: la chini la mababu, la juu la wajukuu.

Miaka ya 1980, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga mpaka matabaka ya karne ya 8. Mlikuwamo vigae vinavyong'aa vya vyombo vilivyoletwa na majahazi kutoka Uajemi na kwingineko, lakini vichache. Vilivyojaa ni vile vya mkono, vyenye pembetatu.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu vitabu vingi vilidai kuwa miji ya pwani ilijengwa na wageni waliovuka bahari. Sasa pembetatu hizo hizo zimepatikana Tanzania, bara na pwani, hadi visiwa vya Komoro. Profesa Felix Chami, Mtanzania, amezifuatilia kwa miaka mingi, akaonyesha kuwa zinatokana na ufinyanzi wa wakulima na wafua chuma wa zamani zaidi wa nchi hizi. Wageni walikuja, wakafanya biashara, wengine wakaoa na kukaa. Lakini waliwakuta wenyeji, na jiko lilikuwa la wenyeji.

Basi mkiona kigae shambani au ufukweni, msikiokote. Kikitoka mahali pake, hakuna atakayejua kilikuwa tabaka gani, wala kilizikwa pamoja na nini. Kiacheni palepale, mwambieni mwalimu au watu wa makumbusho. Mkikilinda, mmelinda ushahidi wa wazee wetu ambao hawakuandikwa kitabuni.