Kanzidata ya grafu bila seva: Wepesi wake na wajibu wa mwenye taarifa

OKTOBA mwaka 2025, waundaji wa Kùzu, kanzidata iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Canada, walisitisha uendelezaji wake. Programu zilizokwisha kusimikwa katika kompyuta za watu hazikuzimika siku hiyo, na kwa kuwa leseni yake ni huria, wengine waliruhusiwa kuichukua na kuiendeleza kwa jina jingine. Hata hivyo, kila aliyekuwa ameweka taarifa zake humo alikabiliwa na swali moja zito: zitatoka vipi siku zitakapolazimika kuhamia kwingine?

Swali hilo haliwahusu wahandisi wa kompyuta peke yao. Kanzidata za aina hii zinawafaa pia watafiti, wanahabari na ofisi ndogo zisizo na fedha za kuajiri msimamizi wa mitambo. Ndiyo maana inafaa kufahamu zinavyofanya kazi na wajibu unaoambatana nazo.

Kanzidata zilizozoeleka hupanga taarifa katika majedwali, utaratibu uliowekewa msingi na Edgar Codd mwaka 1970. Kanzidata ya grafu hupanga taarifa kwa nodi na viungo. Nodi ni kitu chenyewe, kama vile mtu, kampuni au nyumba. Kiungo ni uhusiano uliopo baina ya vitu viwili.

Mfano mwepesi ni ukoo. Kila mtu ni nodi, na uzazi ni kiungo. Anayemtafuta mjomba wa mtu hupanda hadi kwa mama yake, akapanda tena kwa wazazi wa mama, kisha akashuka kwa watoto wao wa kiume. Katika majedwali, kila hatua ya safari hiyo hudai jedwali liunganishwe upya na jingine. Katika grafu, muulizaji huieleza njia, nayo kanzidata huifuata.

Manufaa ya mpangilio huo yalidhihirika mwaka 2016, pale muungano wa kimataifa wa wanahabari wa uchunguzi, ICIJ, ulipochapisha habari zilizotokana na Nyaraka za Panama. Nyaraka hizo zipatazo milioni 11.5 zilitoka katika kampuni ya uwakili ya Mossack Fonseca. Ili kufuata minyororo ya wamiliki, mawakala, kampuni na anwani, muungano huo ulitumia kanzidata ya grafu iitwayo Neo4j.

Kanzidata kubwa kwa kawaida huendeshwa na seva, yaani programu inayojitegemea na kusubiri maswali kupitia mtandao. Kanzidata iliyopachikwa haina seva. Ni maktaba ya programu inayoitwa ndani ya programu nyingine, ikitunza kila kitu katika diski ya kompyuta ileile. Kwa upande wa majedwali, mfano mashuhuri ni SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 na ambayo leo imo ndani ya simu nyingi za kisasa. Kùzu ililipeleka wazo hilo kwenye grafu.

Kuisimamia hakuhitaji mitambo mingi. Mtumiaji huandika skripti, yaani mfululizo wa maagizo, katika lugha kama Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Skripti huita maktaba, hutaja mahali faili lilipo, hufungua muunganisho na kutuma maagizo. Kwa Kùzu maagizo hayo huandikwa kwa lugha ya Cypher, iliyozaliwa ndani ya Neo4j, ambayo huchora njia kwa mabano na mishale. Lugha hiyo ilichangia pia GQL, kiwango cha kimataifa cha kuuliza grafu kilichochapishwa Aprili 2024.

Wepesi huo una masharti yake. La kwanza linahusu miamala. Mabadiliko yanayotegemeana hayana budi kufungwa katika muamala mmoja, ili yaandikwe yote au lisiandikwe hata moja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kanzidata iliyoundwa vyema hurejea katika hali ya mwisho iliyokamilika. Skripti nayo inapaswa kuifunga kanzidata inapomaliza, badala ya kuiacha wazi.

La pili linahusu zamu. Kwa kuwa hakuna seva ya kupanga foleni, Kùzu huruhusu programu moja tu iifungue kanzidata kwa ajili ya kuandika, au programu kadhaa ziifungue kwa kusoma tu. Ofisi yenye watu watano wanaotaka kuandika kwa wakati mmoja inahitaji seva, na si vyema ilazimishe kisichowezekana.

La tatu ndilo lenye madhara makubwa zaidi kwa watu. Katika Kùzu kila nodi lazima iwe na ufunguo wa kuitambulisha. Mwandishi wa skripti anayetumia jina la mtu kama ufunguo atawaunganisha watu wawili wenye jina moja kuwa mtu mmoja, na viungo vya mmoja vitamwangukia mwenzake. Mtu asiye na hatia anaweza kuonekana mmiliki wa kampuni asiyoijua. ICIJ yenyewe huwatahadharisha wanaotafuta katika kanzidata yake ya wazi kwamba watu wengi hushiriki majina, hivyo utambulisho uthibitishwe kwanza. Ufunguo salama ni namba isiyojirudia.

La nne ni tahadhari katika kufuta na kuuliza. Cypher hukataa kufuta nodi ambayo bado ina viungo, mpaka iagizwe waziwazi kuvikata. Kizuizi hicho ni kinga, na hakifai kuondolewa kwa mazoea. Aidha, maneno yanayoandikwa na watumiaji yasibandikwe moja kwa moja ndani ya agizo, kwani mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza agizo lake humo. Yapitishwe kama vigezo vilivyotengwa.

Sharti la mwisho linarejea kwenye tukio la Oktoba 2025. Faili la kanzidata husomeka na programu iliyoliandika, na hata hapo si kwa matoleo yote. Watumiaji wa Kùzu walilijua hilo mapema, kwani kupanda toleo kulidai mara nyingine kuhamisha taarifa nje na kuziingiza upya. Kulikuwapo agizo mahususi la kazi hiyo, linalotoa taarifa zote pamoja na maelezo ya muundo wake. Aliyelitumia kila mara alibaki na kitu mkononi waundaji walipoondoka.

Njia iliyo imara zaidi ni kutoifanya kanzidata kuwa hazina pekee. Taarifa asilia zitunzwe katika faili za CSV, ambazo ni maandishi ya kawaida yaliyotenganishwa kwa mkato na husomwa na karibu kila programu ya majedwali. Masahihisho yaandikwe katika faili lake badala ya kuingizwa kwa mkono ndani ya kanzidata na kusahaulika. Skripti isome faili hizo na kujenga grafu tangu mwanzo, nayo ihifadhiwe mahali pamoja nazo, kwa kuwa ndiyo kumbukumbu ya jinsi kila kiungo kilivyopatikana.

Kwa utaratibu huo, kanzidata hugeuka chombo cha kazi kinachoweza kubadilishwa. Jaribio lake ni rahisi: mwenye taarifa ajenge grafu nyingine katika kompyuta tupu, kwa faili na skripti alizonazo tu, kisha alinganishe idadi ya nodi na viungo. Zikilingana, ana msingi wa kuanzia siku chombo kitakapoachwa na waliokiunda. Zikipungua, ni heri kulijua hilo sasa, wakati programu ya zamani ingali inafunguka.